Injini Isiyo na Mwenyewe: Kumbukumbu za Mafunzo ya Ufundi wa Dizeli

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ilipoanza kutekelezwa na mkondo wa amali ukafunguliwa katika baadhi ya shule za sekondari za Tanzania mwaka 2024, mjadala kuhusu elimu ya ufundi umerudi kwenye vikao vya wazazi na hata kwenye ofisi za wakuu wa shule ambao awali hawakuwa na sababu ya kujua bei ya seti moja ya spana. Mkondo wa amali, kwa maelezo mafupi, ni njia ya masomo ya sekondari ambamo mwanafunzi husoma masomo ya kawaida pamoja na fani moja ya kazi, kama kilimo, ushonaji au ufundi wa magari, ili ahitimu akiwa na ujuzi unaotambuliwa. Maswali yanayosikika zaidi ni ya majengo na vifaa: karakana ziko ngapi, walimu watatoka wapi, fedha zitafika lini. Ni maswali ya haki, lakini yanaliacha nyuma swali la namna ujuzi wenyewe unavyomwingia mwanafunzi, ambalo halijibiwi kwa kuhesabu vyumba. Hapo ndipo kumbukumbu za waliopita njia hiyo kabla haijaitwa amali zinapoweza kuwa na manufaa.

Mwandishi wa makala haya alijifunza ufundi wa dizeli mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi kilichoko Nyanda za Juu Kusini. Vyuo vya aina hiyo, ambavyo leo ni zaidi ya 50 nchini, vilianzishwa mwaka 1975 katika uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, ambako mtu mzima hupokelewa bila kudaiwa cheti kikubwa na hujifunza mambo yatakayomsaidia yeye na jirani zake. Kwa sababu hiyo darasa la ufundi wa magari lilikuwa na watu wa kila namna: vijana waliomaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari, wengine walioishia kidato cha pili, na wanaume wawili watatu wenye familia ambao tayari walikuwa wameshika spana miaka mingi katika gereji bubu, yaani karakana za mitaani zisizosajiliwa, na walikuja kutafuta cheti tu. Mchanganyiko huo haukupangwa na mtaalamu yeyote wa mitaala, lakini ulifundisha mengi kuliko mtaala, kwa kuwa waliojua kazi bila kujua sababu yake walikaa benchi moja na waliokuwa wepesi wa kuandika na wazito wa mikono.

Mwalimu wa fani, mtu mfupi wa maneno, hakuanza na vifaa. Wiki za mwanzo zilitumika kueleza kwa nini injini ya dizeli inawaka ilhali haina plagi, ambayo ni kifaa kinachotoa cheche katika injini ya petroli. Maelezo yake yalikuwa haya: pistoni inapopanda ndani ya silinda huibana hewa peke yake, bila mafuta, hadi ujazo wake unapungua mara 16 au 18 au zaidi kutegemea injini, na hewa iliyobanwa kiasi hicho hupata joto linalozidi nyuzi 500 za selsiasi, ndipo nozo, yaani kifaa chenye vitundu vyembamba kuliko sindano, inapopuliza dizeli kwa nguvu ndani ya hewa hiyo, nayo dizeli huwaka yenyewe bila kuwashwa. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyeifanya kanuni hiyo ifanye kazi kwa mafanikio huko Augsburg mwaka 1897, na injini hiyo ikachukua jina lake. Kutokana na kanuni hiyo moja mwalimu alitoa mashtaka matatu ambayo, alisema, yatatosha kuishitaki injini yoyote ya dizeli inayokataa kuwaka: ama hewa haibanwi inavyotakiwa, ama mafuta hayafiki, ama yanafika kwa wakati usiofaa au katika hali mbaya.

Wanafunzi waliotoka gereji bubu waliona huko ni kupoteza muda. Hata hivyo mwalimu alikuwa na kanuni nyingine iliyowaudhi zaidi: hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kugusa spana kabla hajaandika kwenye daftari ni shtaka lipi kati ya hayo matatu analolishuku, kwa dalili gani, na kipimo gani kitaonyesha kama amekosea. Daftari lilikaguliwa, spana ilifuata. Wakati ule kanuni hiyo ilionekana ya kishule mno, na mwandishi alikuwa miongoni mwa waliolijaza daftari kwa ajili ya kumridhisha mwalimu. Manufaa yake yalidhihirika baadaye, mahali ambapo hapakuwa na mwalimu wala daftari.

Karakana ya chuo ilikuwa na injini ya silinda sita iliyotolewa kwenye lori la zamani na kusimamishwa juu ya fremu ya chuma. Juu yake wanafunzi walijifunza majina ya viungo, mpangilio wa kuwaka wa silinda, ambao katika injini nyingi za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni 1-5-3-6-2-4, na namna ya kurekebisha nafasi ya valvu kwa kutumia fila, yaani vipande vya bati jembamba vyenye unene unaojulikana hadi sehemu za mia za milimita. Walijifunza pia kukaza boliti za kichwa cha silinda kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa spana maalumu yenye kipimo cha nguvu, kwa kuwa kichwa kikikazwa upande mmoja kwanza hujipinda na gasketi huvuja. Yote hayo yalikuwa ya lazima, na hakuna gereji bubu ambayo ingeyafundisha kwa utaratibu ule.

Lakini injini ile haikuwa na tangi, haikuwa na betri, wala haikuwa imewaka tangu iletwe chuoni. Kila kundi la wanafunzi liliifungua na kuifunga, boliti zikaisha meno, na ilipofungwa hakuna aliyeweza kusema kama imefungwa vizuri au vibaya, kwa sababu jibu la swali hilo hutolewa na injini yenyewe inapowaka, na hii haikuweza kujibu. Mwanafunzi angeweza kusahau kikombe cha beringi au kuweka ringi ya pistoni juu chini na bado akapata alama nzuri. Ilikuwa injini isiyo na mwenyewe: hapakuwa na mtu aliyeisubiri kwa ajili ya mazao yake, safari yake au mgonjwa wake, na kwa hiyo hapakuwa na gharama ya kukosea. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo tatizo kubwa la mafunzo ya ufundi nchini, kubwa kuliko upungufu wa vifaa unaolalamikiwa kila mwaka, kwa kuwa hata vifaa vipya vikifungiwa karakanani bila kazi ya kweli hugeuka kuwa injini ya namna ile ile baada ya makundi machache ya wanafunzi.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ambayo haikuwa kwenye ratiba. Mama mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya magurudumu mazito inayowashwa kwa hendeli ya mkono, alifika chuoni kulalamika kwamba mafundi wa sokoni walikuwa wameifungua mashine yake, wakamuuzia ringi mpya, na bado ilikuwa ikiwaka kwa dakika chache kisha inazima. Mwalimu alikubali kwa sharti kwamba wanafunzi waende. Walipofika walikuta foleni ya ndoo na madebe ya mahindi mbele ya kibanda, na wanawake waliokwisha kukata tamaa wakijadili kama waende kusaga kijiji cha mbali. Wanafunzi wa gereji bubu walitaka kuifungua tena papo hapo. Mwalimu aliuliza daftari liko wapi.

Dalili zilipoandikwa, jambo lilikuwa jepesi kuliko kelele zake. Injini iliyowaka na kukimbia dakika kadhaa haikuwa na tatizo la kubana hewa, kwa hiyo zile ringi mpya zilikuwa zimeuzwa bure. Na kwa kuwa ilizima taratibu, kana kwamba inanyimwa chakula, shtaka lililobaki lilikuwa la mafuta kutofika. Mwandishi alipewa kazi ya kufuata bomba la mafuta kwa vidole kuanzia kwenye tangi hadi kwenye pampu, akakuta kiungio kimoja kikilegea pale bomba linapotoka kwenye filta, mahali ambapo mafuta hayakudondoka ila hewa iliweza kunyonywa kuingia ndani. Hewa ikichanganyika na dizeli, pampu hubana hewa badala ya kusukuma mafuta, kwa sababu hewa hubanika na mafuta hayabaniki, na nozo hubaki bila nguvu ya kupuliza. Kiungio kilifungwa kwa washa mpya, upepo ukatolewa, kazi ambayo hufanywa kwa kulegeza boliti ya bomba na kupampu kwa mkono hadi mapovu yaishe na mafuta safi yatoke peke yake, na hendeli ilipozungushwa mashine iliitika na haikuzima tena. Mama yule aliwasagia wanafunzi debe la unga la kuondoka nalo, na mwalimu aliwakumbusha kwamba malipo hayo yameandikwa kwenye daftari kabla ya kuandikwa popote pengine.

Ilikuwa kazi ndogo ambayo fundi mzoefu angeimaliza huku akizungumza na simu. Umuhimu wake ni kwamba kwa mara ya kwanza wanafunzi waliona kauli ya darasani ikithibitishwa na injini iliyokuwa na mwenyewe, mbele ya watu wenye njaa ya unga, na waliokuwa wakilidharau daftari wakaacha kulidharau. Baada ya siku hiyo mwalimu alianza kutafuta kazi za nje kwa makusudi: pampu za umwagiliaji, trekta la kikundi cha wakulima, pikapu ya parokia. Uongozi wa chuo haukufurahi sana, kwa sababu hapakuwa na fungu la nauli wala utaratibu wa kuandika mapato, na baada ya muda kazi hizo zilipunguzwa.

Darasani alikuwamo msichana mmoja tu, ambaye alishauriwa mara kwa mara kuhamia ushonaji kwa hoja kwamba boliti za lori zinahitaji nguvu za kiume. Hoja hiyo haikudumu mbele ya kipande cha bomba: mpini wa spana ukirefushwa kwa bomba, nguvu inayohitajika hupungua kwa kadiri urefu unavyoongezeka, na mafundi wanaume wote wa malori hutumia bomba hilo hilo bila kuona haya. Vyuo hivi leo vinawapokea pia wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito, kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, na itakuwa hasara kubwa ikiwa wote wataelekezwa cherehani.

Sehemu ya pili ya mafunzo ilikuwa fildi, yaani kipindi ambacho mwanafunzi hupelekwa mahali pa kazi kabla ya mtihani wa mwisho. Mwandishi alipelekwa kwenye gereji ya malori kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, njia inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, na akawa saidia fundi, yaani kijana anayesafisha viungo, kushika taa na kutumwa chai. Mafundi wakubwa wa pale hawakuwa na vyeti. Mkuu wao, mzee aliyeanza kazi akiwa utingo wa lori, aliweza kusimama mbali na injini inayounguruma na kusema silinda ipi haifanyi kazi, kisha akathibitisha kwa kulegeza bomba la nozo moja moja: ile ambayo ikilegezwa mngurumo haubadiliki ndiyo iliyolala. Alichokuwa akikifanya kilikuwa ni daftari la mwalimu bila karatasi. Mafundi wengine wa gereji ile walimwiga masikio lakini hawakumwiga kufikiri, na hao walibadilisha vipuri hadi mfuko wa mteja ulipoisha.

Gereji ile ndiyo iliyofundisha pia woga unaofaa. Fundi mmoja kijana alipitisha kiganja juu ya bomba la mafuta ya shinikizo kubwa akitafuta mahali linapovuja, na uzi wa dizeli usioonekana ukampenya ngozi. Jeraha lilionekana kama tundu la mwiba, akacheka na kuendelea na kazi; usiku mkono ulivimba, na alipofikishwa hospitali tayari alikuwa amechelewa, akapoteza kidole. Dizeli iliyoingia chini ya ngozi kwa shinikizo huharibu nyama kutoka ndani, na tiba yake ni upasuaji wa haraka hata kama kidonda kinaonekana kidogo kiasi gani. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa mkono. Chuoni jambo hilo halikuwahi kutajwa, na sababu yake ni dhahiri: injini isiyowaka haina shinikizo la kumdhuru mtu.

Kipindi hicho kiliangukia miaka ya uchakachuaji, ambapo wafanyabiashara walichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa kuwa kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo na faida ilikuwa kubwa. Gereji zilipokea malori mengi yenye dalili moja ya ajabu: yaliwaka vizuri alfajiri, yakaishiwa nguvu yakipanda mlima Kitonga, na yakizimwa mchana yalikataa kuwaka hadi injini ipoe. Madereva waliwalaumu mafundi, mafundi wakalaumu nozo, na wenye malori wakanunua nozo mpya zisizosaidia. Mzee wa gereji alisema tu, «Hii pampu imekufa, vijana, msiisumbue nozo.» Maelezo kamili yalipatikana kwa kurudi kwenye kanuni. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na pistoni zake ndogo hukaa ndani ya silinda zake kwa nafasi ya sehemu chache za elfu za milimita. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, hivyo chuma husuguana na chuma, nafasi hutanuka, na mafuta huvuja kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Asubuhi mafuta yakiwa ya baridi huwa mazito kidogo na uvujaji huo hauonekani, lakini yakipata joto hulegea na shinikizo hushuka chini ya kiwango cha kuifungua nozo. Aliyekuwa na mashtaka matatu kichwani aliweza kufika kwenye pampu kwa hesabu ya saa za siku tu, kabla ya kufungua chochote.

Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka kinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwezi Septemba 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hatua hizo zilisaidia malori, ingawa wanakijiji waliokuwa wakitumia vibatari walilipa gharama ya ujanja ambao hawakuufanya.

Mtihani wa mwisho ulifanyika juu ya ile injini ya fremu. Mwandishi alifaulu, kama walivyofaulu karibu wote, na cheti kikamfungulia mlango wa kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam, mlango ambao mzee wa barabarani asingeweza kuupita. Baadaye VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, iliweka utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini, na huo ni uamuzi mzuri ambao ungestahili kutangazwa kwa nguvu zaidi kwenye gereji zenyewe.

Wapo wanaosema kumbukumbu za namna hii zimepitwa na wakati, kwa kuwa malori yanayoingia nchini sasa yana mfumo wa reli ya pamoja, yaani bomba moja nene linalohifadhi dizeli kwa shinikizo ambalo laweza kuzidi mara 2,000 ya lile la hewa ya kawaida, huku kompyuta ikiamua kila nozo ifunguke lini na kwa muda gani. Ni kweli kwamba fundi wa leo anahitaji kusoma umeme na kutumia kompyuta ya kupimia. Lakini kompyuta hiyo hutaja dalili, haitaji sababu. Ikiandika kwamba shinikizo la reli liko chini, fundi asiye na kanuni hununua sensa, na sensa mpya huandika vile vile. Mwenye kanuni huuliza kwanza kama mafuta yanafika, kama filta imeziba, kama hewa inanyonywa, kama nozo moja inarudisha mafuta kupita kiasi. Katika karakana ya Dar es Salaam mwandishi aliwahi kuona lori jipya la mamilioni mengi likikaa juu ya mawe kwa wiki nzima kwa kosa lile lile la mashine ya kusaga ya mama wa kijijini, yaani kiungio kilicholegea kabla ya pampu, na waliokuwa wakilitazama walikuwa na vyeti na kompyuta.

Mkondo wa amali unaweza kwenda mbali zaidi ya chuo kile, au unaweza kujaza nchi fremu za chuma zenye injini zilizokufa. Tofauti haitaletwa na wingi wa fedha peke yake. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, una karakana mikoani ambazo hutengeneza magari ya serikali. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, una visima vinavyotegemea injini za dizeli. Na kila wilaya ina mashine za kusaga, matrekta na mabasi yanayoharibika kila wiki. Wizara ya Elimu, halmashauri na wakala hizo waandikiane makubaliano ya kuwapokea wanafunzi wa amali mapema, wakiwa na fungu la nauli, bima ya ajali na mwalimu wa kukagua madaftari yao, na mtihani wa mwisho ufanywe juu ya injini ambayo mwenyewe amesimama pembeni akiisubiri.